Mnunuzi Asiyeuliza Kilema

Faustini mwanangu,

Wewe umelala chumba cha pili, mimi niko hapa sebuleni, na kati yetu kuna ukuta wa tofali moja na pazia. Ningeweza kukuita ukaja. Ila jioni nilipomweleza mama yako ninayotaka kukuambia, alikuwa anapiga pasi shati lako la safari, na hakuinua uso. Akasema, "Mwandikie. Ukimwambia kwa mdomo utaanza kupatana naye." Nimelitafuna neno hilo tangu wakati ule. Mdomo wangu umekula kwa udalali wa ng'ombe tangu kabla hujazaliwa. Kila ninapoongea na mtu najikuta natafuta atashukia bei gani. Kwenye karatasi angalau huwezi kuniona uso, nami siwezi kuuona wako nikabadilisha maneno katikati.

Habari za sweta na dawa, na nani atakupokea Dar es Salaam, na kanisa lipo upande gani, hizo mama yako amezimaliza, na nyingine amezishona ndani ya begi. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni kifundo chako cha mguu wa kushoto. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujapanda basi. Usiseme utamalizia njiani.

Naanza na siku ya uwanjani, kwa sababu nataka ujue mimi niliiona vipi.

Unakumbuka mashindano ya vyuo yalikuwa yamefika ukingoni, na wale wageni wawili walikuwa wamekaa chini ya turubai karibu na meza ya waamuzi. Mkubwa wao ni huyu Lameki, ambaye kazi yake wanaiita skauti, kuzunguka mikoani kutafuta wachezaji wa kupeleka kwenye timu yao. Mwenzake ni yule kijana aliyekuwa anapiga video kwa simu kila mpira ukifika upande wenu. Mji mzima ulijua wanatafuta beki wa kushoto mmoja kabla dirisha la usajili halijafunguliwa. Mji ulijua pia kwamba katika vyuo vyote vilivyoleta timu, mlibaki wawili machoni pao: wewe na Rajabu, mtoto wa Mzee Shabani mwenye duka la vitambaa pale sokoni.

Mimi mpira nimeujua kwa ajili yako. Kabla yako niliona ni vijana wazima kufukuza ngozi iliyojaa upepo wakati mahindi yanaliwa na nyani. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba beki wa pembeni akikabiliana na winga hatakiwi kuuangalia mpira wala miguu, aangalie kiuno, maana miguu inaweza kuahidi huku na kwenda kule. Siku ile nilikuona ukifanya hivyo hivyo. Yule winga mwembamba wa chuo cha jirani alikuchezea miguu mpaka watu wakaanza kupiga mbinja, na wewe ukarudi nyuma taratibu, umeinama, mikono imeachana na mwili, ukimsukuma kwenye mstari bila kumgusa. Mara moja tu alikupita. Ukageuka, ukamfukuza, ukaufikia mpira kabla yake bila kumvuta jezi. Moyo wangu ulijaa, Faustini. Ningeishia hapo siku ile nikaenda nyumbani, leo ningekuwa nimelala.

Mechi ilipokwisha wakawaita ninyi wawili pembeni, na watu tukawafuata. Kwanza ikawa vua jezi. Halafu geuka, kimbia kinyumenyume, geuka tena, ruka, simama. Yule kijana wa simu akawa anawaminya mapaja kwa vidole na kumsomea Lameki maneno yao. Huyu ana kimo. Huyu ana injini. Huyu mguu wa kushoto ni wa asili, hakufundishwa. "Hii ni mali," akasema mara moja akiwa amekushika begani, na hakuwa anaongea na wewe. Alikuwa anaongea na simu.

Ndipo Lameki akamwambia Rajabu afungue mdomo. Alitaka kuhesabu magego ya mwisho ajue kama umri wake ni huo alioutaja. Rajabu akafungua, na Lameki akaingiza kidole, akamgeuzia kichwa kwenye mwanga. Nyuma yangu mtu mmoja akasema, "Na kwato mkague!" Uwanja mzima ukacheka.

Mimi nilicheka kuliko wote. Kwa nini nisicheke? Ndiyo kazi yangu ile. Mnadani ng'ombe hafiki kwenye bei kabla hajafunguliwa mdomo. Nilicheka kama fundi anayemwona fundi mwenzake.

Mzee Shabani hakucheka. Ulimwona alivyokuja, polepole, na kanzu yake anaishika isiguse matope. Akaiokota jezi ya mwanawe chini, akaikung'uta, akampa. "Vaa, baba. Twende nyumbani." Lameki akamweleza kwa adabu kwamba hilo ni jambo la kawaida, wanahakiki umri tu, kila mahali wanafanya. Mzee Shabani akamjibu, "Umri wake ungeniuliza mimi, nilikuwepo. Meno unakagua mbuzi wa Idi."

Wakaondoka. Watu wakamsema sana. Wakasema amemziba mtoto riziki, wakasema wenye maduka ndivyo walivyo, wameshiba hawajui tunavyotafuta. Na mimi, mwanangu, nilisimama pale nikiwaza jambo ambalo naona kinyaa hata kuliandika. Niliwaza kwamba dume moja limetolewa zizini, bei ya lililobaki imepanda.

Nikasogea. Nikakuwekea mkono mgongoni, nikakupiga makofi mawili ya kukusifu, hapa kati ya mabega, pale pale ninapompiga ng'ombe nikitaka mnunuzi asikie jinsi alivyoshiba. Nikamwambia Lameki, "Huyu wangu ni mzima. Hajawahi kuumia. Hata mwiba haujawahi kumchoma."

Ukaangalia chini. Nami nikaendelea kukushika. Na ulipoambiwa ufungue mdomo, ukafungua, kwa sababu mkono wangu ulikuwa mgongoni kwako.

Sasa sikiliza kuhusu asubuhi ya siku hiyo, maana hili hulijui.

Nilikuamsha kabla ya kengele ya misa. Nikakwambia ukimbie polepole mpaka Nakwa na kurudi, na ukirudi usikae. Hata uji nilikwambia uunywe umesimama. Mama yako akauliza kulikoni mtoto hakai, nikamwambia ndivyo makocha wanavyotaka. Wewe ukatabasamu, ukaniambia, "Baba, siku hizi umekuwa kocha." Ulidhani ni mapenzi. Nami sitasema hayakuwemo. Lakini ile ni mbinu ya mnadani, Faustini. Ng'ombe mwenye kiungo kibovu akilala usiku, asubuhi anaamka anachechemea, na mnunuzi anamwona kutoka mbali. Kwa hiyo dalali anamwamsha mapema, anamtembeza mpaka kiungo kipate moto, na hamwachi alale wala asimame mpaka fedha zibadilishe mikono. Akishapoa atachechemea, lakini atakuwa anachechemea kwa mwenyewe mwingine.

Daktari alituambia sote wawili, tumekaa kwenye benchi moja, kwamba mshipa wa pale kwenye kifundo ulichanika ulipokanyagwa kwenye kombe la kata, na kwamba haujapona. Akasema upumzike msimu mzima. Akasema ukichanika tena utatembea kwa kuchechemea mpaka uzeeni. Uliporudi uwanjani mapema mimi nilikuona, nikanyamaza. Kila baada ya mechi mama yako alikuwa anakukanda kwa maji ya moto na chumvi, na mimi nilikuwa natoka nje kuangalia kuku.

Na kuna ninaloliona baya zaidi kuliko uongo wenyewe. Usiku wa kuamkia siku ile nilisali rozari nzima nikiomba kifundo kisivimbe mpaka wageni waondoke. Si kwamba kipone. Kisivimbe tu mpaka waondoke. Nilimwomba Mungu awe mshirika wangu wa udalali. Na ulipochaguliwa nikasimama kwenye sala ya jumuiya, mbele ya wanajumuiya wote wa hapa Maisaka, nikatoa shukrani kwamba Mungu ametenda. Wakapiga makofi. Mama Veronika akalia. Wakakuombea, wakakuwekea mikono kichwani, na wewe ulikuwa umekaa umeuficha mguu chini ya kiti.

Tangu siku hiyo mtaani nimekuwa mtu mkubwa. Vijana wa bodaboda wananiita Baba Staa. Kinyozi alikataa hela yangu. Wanaume waliokuwa wananikwepa wananiita nije nikae nao, wanichambulie mabeki wa ligi kuu, nani anapanda sana na kusahau kurudi, nani kimo kinamwangusha kwenye mipira mirefu, nani auzwe. Nami nachambua. Nimewasikia wakiwasema watoto wa watu, huyu gari limekufa, huyu amekwisha, huyu hata bure simchukui, na nimesema pamoja nao nikiwa nakunywa soda ya kununuliwa.

Kilichonishtua ni mzaha. Juzi mnadani, dalali mwenzangu Yohana, unamjua, yule asiyeweza kunyamaza, alinipigia kelele kutoka upande wa pili wa zizi. "Damiano, dume lako la nyumbani limekwenda kwa ngapi?" Na mimi bila kufikiri nikamjibu, "Bado tunapatana. Mnunuzi hajauona mguu."

Walicheka mpaka mmoja akashikilia uzio. Walidhani natania. Nilikuwa nimesema ukweli kwa mara ya kwanza tangu jambo lile lianze, na nimeusema mahali ambapo hauna uzito, kwa watu ambao wangenisamehe kwa sababu na wao ndivyo wanavyokula. Nyama niliyokuwa nimeagiza ikaletwa, nikaitafuna. Nikaitema kwenye karatasi. Tangu juzi kila kitu kina harufu ya zizi, hata mikono baada ya kunawa.

Leo mchana nikaenda kwa Lameki pale nyumba ya wageni alikofikia. Nilijiambia nitamweleza ukweli, na akitaka kukuacha akuache. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, hata kwa matusi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwomba radhi.

Nilimkuta anakula samaki wa ziwani kwa ugali, yuko peke yake. Akanikaribisha vizuri, akanisogezea kiti, akasema nikaribie sahani. Nikakataa. Nikamweleza yote nimesimama: kombe la kata, daktari, maji ya chumvi, uji wa kusimama. Alinisikiliza huku akitoa miba mdomoni na kuipanga ukingoni mwa sahani. Nilipomaliza akacheka kidogo, si kwa ubaya, kama mtu anayemsikiliza mtoto.

"Mzee, kwani mimi nilikuuliza?"

Akaendelea. Akasema alikiona kifundo siku ile ile, dakika za mwanzo. Akasema ukigeukia kushoto unatanguliza nyonga, unauhurumia mguu, na kwamba mtu ambaye kazi yake ni kuangalia mabeki hawezi kukosa kuona kitu kama hicho. Nikamuuliza, sasa kama uliona, mbona umemchukua? Akanieleza bila kuficha, na nadhani hakuona sababu ya kuficha. Beki wao wa kushoto ameumia na atarudi msimu ujao. Katikati hapo wanahitaji mtu wa kukimbia. Mwenye mguu mzima na kipaji kama chako angetaka mkataba mrefu, na wazazi wake wangeuliza maswali mengi. Wewe utawashikia nafasi.

Nikamuuliza, na mguu ukichanika tena?

Akanawa vidole kwenye bakuli. "Mzee wangu, wewe ni mtu wa mnadani. Ng'ombe akishapanda lori, unapiga simu kuuliza amefikaje?"

Sikumpiga. Sikumtukana. Nilimwambia asante, Faustini. Mdomo huu ulisema asante na nikatoka nje, na nilipofika kwenye mtaro wa barabara nikatapika, na sikuwa nimekula kitu tangu asubuhi.

Nimekuwa nikijiuliza ni nini hasa kilichonichefua vile, maana yeye hakusema uongo hata mara moja. Mwongo nilikuwa mimi. Nadhani ni kwa sababu alinijua. Alizungumza na mimi kama mtu wa nyumba moja.

Nikikuonyesha ninachokijua mnadani ndipo utaelewa kwa nini siwezi kukuacha uondoke hivi hivi. Wanunuzi ni wengi lakini kwa kweli ni wa aina mbili. Kuna mkulima wa kule juu, tuseme kutoka Mbulu, anatafuta maksai wa kulima. Huyo ni usumbufu mtupu. Anamzunguka ng'ombe, anamshika magoti, anamtembeza, anauliza aliwahi kuugua nini, mama yake alikuwa nani, analala upande gani. Anaondoka, anarudi na mkewe, wanauliza yote upya. Madalali tunamchukia. Tunamwita mwalimu wa sensa. Anauliza kwa sababu atakaa na yule ng'ombe. Ataamka naye. Kilema cha ng'ombe kitakuwa kilema chake.

Halafu kuna yule wa buchani. Huyo tunampenda. Anakuja, anaangalia nyama ilivyojaa, anaminya hapa na pale, anatoa fedha. Unaweza kumwonyesha mguu uliovimba kama kiazi na hatashusha hata shilingi, kwa kuwa mguu huo hauna safari ndefu. Nimeuza naye mara nyingi, tukashikana mikono tukicheka, na mara zote nilijua. Mnunuzi anayekiona kilema na bado analipa bila swali hanunui wa kufuga.

Na mimi, mwenye kulijua hilo kuliko mtu yeyote katika mji huu, nilisimama uwanjani nikafurahi kwamba mtu hajaniuliza kitu.

Siandiki haya ili uchukie timu. Huko mbele kuna watu wazuri, najua, na kuna daktari wa timu ambaye pengine ni mtu wa kuuliza. Wala sikuambii usiende. Nilitaka kusema hivyo. Niliporudi kutoka kwa Lameki niliingia uani nikiwa nimeamua kabisa: begi lifunguliwe, nguo zirudi kabatini, urudi chuoni umalize mwaka wako wa ualimu uliobaki. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ulikuwa umekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa unasugua viatu vyako vya mpira kwa mswaki wa zamani, unaimba chini chini, na nikaona ninachotaka kufanya. Nilikuuza bila kukuuliza, na sasa nilikuwa nataka kukurudisha zizini bila kukuuliza. Mkono ni ule ule, mgongo ni ule ule. Nikafunga mdomo nikaenda kwa mama yako.

Ngoja nikuambie kitu kuhusu yeye, ambacho pengine hatakuambia kwa aibu. Nilipokwenda kumposa, kule kwao nyanda za juu, wazee walikuwa wameshamaliza maneno yao na kila kitu kilikuwa kimekubalika. Akaomba aongee na mimi peke yake, nje, karibu na zizi la ndama. Msichana mdogo kiasi kile. Akaniuliza kama nakunywa. Nikamwambia nakunywa. Akaniuliza kama nikinywa napiga watu. Nikamwambia sijawahi kumpiga mwanamke, lakini wanaume nimepiga. Akaniuliza nina deni la nani, nimeshaachana na nani, mama yangu alikufa kwa ugonjwa gani. Aliniuliza mpaka nikakasirika, nikamwambia, "Kama hunitaki si useme?" Akanijibu, "Ningekuwa sikutaki ningekuuliza ya nini?"

Nimeishi ndani ya jibu hilo miaka yote hii na leo ndiyo nimelielewa.

Kwa hiyo ukienda, mwanangu, na ukifika, nenda kwa daktari wa timu mwenyewe, kwa miguu yako, kabla Lameki hajakupangia cha kusema. Mwambie mguu umeumia lini, umeumia vipi, daktari wa hapa alisema nini, na baba yako alisema nini kwa watu. Usinifiche. Nitaje. Ukimwona anauliza zaidi, anakuambia uvue soksi, anakuambia uje tena kesho, anakukera mpaka unachoka, hapo pana mtu, kaa hapo. Ukimwona anasema usijali, kijana, tutakufunga bandeji, wewe cheza tu, basi umeshajua. Hutahitaji mimi nikueleze. Stendi unaijua na njia ya kurudi unaijua.

Na usipokwenda, usifikiri kwamba sitaona haya mtaani. Nitaona. Sasa nimekuambia. Watanicheka mnadani, kinyozi atataka hela zake za nyuma, na mwenyekiti wa jumuiya ataniuliza zile shukrani tulizipeleka wapi. Nitamwambia. Hiyo ni mizigo yangu, usiibebe hata kidogo kwenye begi lako.

Jambo moja ndilo sijui nikuelekeze vipi. Siku ile, nilipokuwa nimekushika mgongoni na kusema hujawahi kuumia, ulijua nasema uongo na ukanyamaza. Nilijiambia umenyamaza kwa sababu na wewe unataka. Labda ni kweli. Wewe ni mtu mzima, unaipenda kazi ya miguu yako, na labda ungesema uongo ule ule kama nisingekutangulia. Lakini labda ulinyamaza kwa heshima, kwa sababu ndivyo nilivyokulea, kwamba baba akiwa na mnunuzi mtoto haingilii. Kama ni hivyo, basi adabu niliyokufundisha ndiyo iliyokufunga kamba shingoni. Sikumlea mtoto ili awe mtulivu wakati anauzwa. Nakufungulia. Siku nyingine yoyote ukinisikia nasema lisilo kweli juu yako, mbele ya mtu yeyote, hata mbele ya padre, sema, "Baba, sivyo." Sema kwa sauti. Sitakuita mkosa adabu.

Hasira zako, kama zipo, ni halali. Zilete. Usizipeleke Dar es Salaam zikakae huko na watu wasiozihusu.

Kesho asubuhi nitapita kwa Mzee Shabani. Sijui nitamwambia nini. Nilimcheka mbele ya watu na yeye alikuwa anamvalisha mwanawe nguo. Pengine nitanunua kitambaa tu na kushindwa kusema, lakini nitakwenda.

Mama yako ameshalala, au amejifanya amelala. Taa imepungua, betri ya sola leo haikushiba. Ukiamka utaikuta barua hii mkononi mwangu, si mezani, maana nataka nikupe mwenyewe. Baada ya hapo nitatoka nikae nje kwenye ngazi, ili usisome ukiwa unanitazama. Soma taratibu. Jaribu kifundo ukitoka kitandani, kabla hakijapata moto, ujue ukweli wake ulivyo asubuhi, na uamue nao.

Kijana wa bodaboda atafika mapema kukupeleka stendi. Nimemwambia asipige honi na asiite mtu. Nimeshamlipa, uende usiende. Atakaa na mimi pale nje mpaka utakapotoka wewe utuambie.

Ni mimi baba yako,
Damiano